Kiti cha Mama Kimekaliwa

Kuna watu wakiona redio imekufa huitafutia pa kuitupa, na kuna watu huivutia kiti. Mwanamke huyu alikuwa wa kuvuta kiti. Riziki yake ilitoka kwenye miwani: kukata vioo, kukaza skrubu ndogo kama chembe za chumvi, kunyoosha fremu zilizolaliwa na wenye usingizi mzito. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyaya. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana na meza mbili, ya mbele ya wateja na ya nyuma ya mambo yake, na mambo yake yalishaanza kuimeza meza ya mbele.

Mambo hayo aliyaandika kwenye tovuti. Si tovuti ya kutambia, hata kidogo. Ilikuwa na rangi moja, na picha alizipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka, fundi wa vioo mzima. Humo alieleza namna ya kutengeneza kengele ya mlango kwa spika ya redio mbovu, namna ya kufufua tochi, namna ya kulifanya feni lililochoka lizunguke bila kukoroma. Wasomaji wa kwanza walikuwa watoto wa kaka yake, wakawa wanaandika chini ya ukurasa, "Shangazi, yangu imetoa moshi." Wageni wakaliona neno shangazi, wakalidaka, na tangu hapo wapenda nyaya wote wakamwita Shangazi Waya. Alijifanya hapendi. Alipenda mno.

Mama yake aliishi mji mwingine, mbali, mtaa mmoja na huyo kaka, ambaye ni muuza mbao. Mama na simu walikuwa paka na panya. Alisema simu humlazimisha mtu kujibu sijambo hata akiwa anakata roho. Ukimpigia anapokea, anasema hajambo, anasema haya basi, anakata, na wewe hata hujakaa vizuri. Akizidiwa na goti, au na upweke, au na hasira, hakusema. Alisubiri uone mwenyewe. Usipoona, shauri yako.

Ndipo bintiye akamtengenezea taa. Alishona mto wa kukalia, ndani akaweka vipande viwili vya foili vilivyotengwa na sponji yenye matundu: mtu akikaa, foili zinagusana, akiinuka, zinaachana. Kijisaketi cha ukubwa wa kiberiti kilichofichwa pembeni kikawa kinapeleka habari kwa intaneti kwamba kiti kimekaliwa, na habari hiyo ilipitia kwenye tovuti yake mpaka kwenye taa iliyokaa meza ya nyuma, ndani ya chupa ya zamani ya jemu. Mama akikaa huko, chupa huku inajaa mwanga wa rangi ya asali. Mama akiinuka, punde inazima.

Mama alikubali kwa masharti. Kitu hicho kisimuulize swali, kisilie, na mtu asikae kuhesabu yeye amekaa muda gani, maana yeye si mfungwa. Mwanawe akaapa kwamba tovuti haitaweka kumbukumbu yoyote, na kweli haikuweka. Mama akaukalia mto, akainuka, akaukalia tena, kisha akauliza kama huko imeonekana. Imeonekana, mama.

"Sasa hii," mama akasema, "ndiyo simu."

Ikawa kila asubuhi anakaa, anainuka, anakaa tena. Ndiyo salamu yake. Na huku mwanamke mwenye nywele zilizoanza mvi anaiambia chupa ya jemu, "Shikamoo mama," mteja akikodoa macho kupitia miwani isiyo yake.

Kitu kizuri namna hiyo utakificha wapi? Akakiandika kwenye tovuti, picha baada ya picha, na hapo katikati akabandika programu yenyewe, yaani ile mistari ya maagizo ambayo msomaji huinakili na kuitia kwenye saketi yake. Sasa sikiliza vizuri. Kila mto na taa yake hujuana kwa jina. Mto unaliita jina, na taa yenye jina hilo inaitika. Vya kwake vilijuana kwa jina *kitichamama*. Msomaji alitakiwa alitoe hilo, aweke la kwake. Maelezo yalisema hivyo, haki ya Mungu yalisema, ila yalisema mwishoni kabisa, chini ya picha ya mwisho, mahali ambapo mpenda nyaya hajawahi kufika tangu azaliwe. Mpenda nyaya hasomi mpaka mwisho, jamani. Akiiona programu ananakili, anabandika, anawasha, na ikifanya kazi anapiga makofi, basi, yamekwisha. Na Shangazi Waya, aliyewajua watu hawa nje ndani kwa kuwa ni mmoja wao, alikuwa ameitoa programu kwenye taa yake mwenyewe na kuibandika vilevile, jina la mama likiwemo.

Ikafanya kazi kwa kila mtu. Dereva wa kreni akamshonea mama yake mto. Mwalimu wa chekechea naye, na mpiga pasi wa hotelini, na daktari wa ng'ombe. Kila mmoja alirudi kuandika neno lilelile: imewaka. Shangazi Waya aliyasoma yote huku akitabasamu peke yake.

Na taa yake nayo ikazidi kuwaka. Zamani iliwaka kidogo asubuhi na kidogo alasiri, ndiyo ilikuwa desturi ya mama, mtu aliyelea watoto akiwa wima na kula akiwa wima. Sasa ikawa inamkuta ikiwaka anapofungua duka, na anaiacha ikiwaka anapofunga. Alifurahi mpaka akaona haya kufurahi kiasi kile. Mama amekubali kupumzika. Mama ametulia hatimaye, kiti kimemshika.

Maisha yakawa na utamu wa usingizi wa mchana. Vumbi la vioo lilielea kwenye mwanga wa dirisha, likienda juu, likienda chini, halina haraka. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya kilitoa uzi mwembamba wa moshi, na chupa ya jemu ilikaa pale na asali yake. Alikuwa akisugua kioo cha mtu na huku anamwona mama: yuko dirishani, amevua viatu, mikono mapajani, hafanyi kitu. Katika umri wake wote hakuwahi kumwona mama hafanyi kitu. Akaanza kumsimulia mambo: huyu kaleta miwani aliyoikanyaga, yule kaapa hakuikanyaga, na ukurasa wa feni leo umenishinda. Alisimulia polepole, akinyamaza palepale ambapo mama angeguna. Wakati mwingine alisahau yuko chumba kipi. Siku moja jua lilipopiga mezani alinyoosha mkono amvutie mama pazia, vidole vikagusa koleo lake, akashangaa ni la nani.

Mvua iliponyesha, taa ilionekana kutulia zaidi, akaamini wanaitazama mvua moja. Hakuuliza kama huko inanyesha. Hata ile sijambo ya haraka haraka ya simu aliiacha. Ya nini, na mama yuko mbele yake mchana kutwa? Ile salamu ya kukaa na kuinuka ilizama humo ndani ya mwanga usiokatika, naye hakuitafuta ilikokwenda. Hapo nampa lawama, na hata yeye anajipa.

Kaka yake alipiga asubuhi moja, mteja akiwa ameshika kioo anajitazama. Hakuamkia, hakuuliza hali. Alisema amevumilia vya kutosha. Mama aliteleza uani, nyonga ikapata ufa, alilazwa, ametolewa, na sasa mwezi unakatika amelala kwa kaka huyo, chumba cha nyuma. Alikataza kabisa mtu yeyote asimwambie binti, na kila jioni anauliza kama kuna mgeni aliyekuja. Yeye kaka mtu ameshindwa kuendelea kujibu hakuna. Akataka kujua dada yake ana moyo wa namna gani.

Shangazi Waya aliitazama chupa. Ilikuwa inawaka vizuri tu.

"Lakini kaka, mama amekaa kitini," akasema. "Amekaa sasa hivi. Namwona."

Kaka akasema, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "Kiti kiko nyumbani kwake, na nyumba imefungwa. Ufunguo ninao mimi mfukoni."

Alikaa sakafuni kati ya meza mbili. Kwa muda mfupi hakufikiri kifundi hata kidogo. Aliona nyumba iliyofungwa, pazia limeshuka, kiti dirishani, na kuna aliyekaa. Akaitupia chupa kitambaa cha kufutia vioo, mwanga ukapenya kitambaa na kuendelea. Mteja akaweka miwani mezani, akaaga kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Kisha ufundi ukamrudia. Alifungua tovuti na kuusoma ukurasa wake mwenyewe kama mtu mwingine, tangu juu mpaka chini, jambo ambalo na yeye hakuwahi kulifanya. Akaliona jina: mito yote ya wasomaji ilikuwa inaliita hilo hilo, na kila taa inaitika. Chini yake akaona ile safu ndefu ya imewaka, imewaka, imewaka. Siku zote zile alikuwa amekaa na mama za watu, anawasimulia habari za miwani, na wa kwake amelala kitandani anamngoja.

Alifunga duka, akafunga safari, chupa ikiwa kwenye mkoba. Njiani hakula, hakusema na mtu.

Chumba cha nyuma kilinukia mbao mbichi. Kitanda kilisogezwa ukutani ili mama apate pa kushika akijigeuza, na mama alikuwa ameuelekea ukuta. Binti akaamkia. Marahaba ikaenda ukutani.

"Niliwakataza wasikuite," mama akasema, bila kugeuka. "Nilisema taa imezima, ataona giza, atakuja. Mwanzo nilisema yuko njiani. Halafu nikasema labda ana kazi nyingi. Halafu nikaacha kusema."

Binti alilia, tena si kilio cha heshima. Akajaribu kueleza mambo ya majina, na mto kuita, na watu kunakili, lakini maneno hayo ukimwambia mtu aliyekupa mgongo yanakuwa visingizio vitupu. Mwishowe akaacha kueleza. Aliitoa chupa mkobani, akaiunganisha, akaiweka kwenye stuli karibu na kitanda. Ukuta ukapata rangi ya asali. Mama akajigeuza, kidogo kidogo, akiuma meno kwa maumivu, mpaka akaiona.

"Nani huyo?"

"Sijui, mama. Ni mama wa mtu."

Mama akaomba aishike. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kifuani, akaitazama muda mrefu. Nje msumeno wa kaka ulikuwa ukilia na kunyamaza. Baadaye akauliza kama ni kweli mwanawe alikuwa akimwona siku zote zile. Kweli, alikuwa akimwona, yuko dirishani, amevua viatu. Mama akasema yeye hajawahi kukaa dirishani amevua viatu tangu azaliwe, huyo ni mwanamke mwingine, na anaonekana ana bahati. Wakacheka, kicheko kidogo cha kupimana, na binti akasogea akashika unyayo wake juu ya shuka.

Kicheko cha mama ndicho kilichokatika kwanza. Alikuwa bado anaitazama chupa.

"Huyu akianguka leo," akasema, "mwanawe ataona nini?"

"Ataona inawaka."

"Izime."

Alijaribu kusema kwamba zitazima zote, za watu wote, na watashtuka. Mama akamwambia ndiyo maana. Basi pale pale, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na simu yake yenye kioo kilichopasuka, aliingia kwenye tovuti na kulifunga jina la *kitichamama* lisipite tena. Chupa ikafifia kifuani kwa mama, ikazima. Na katika miji asiyoijua, kwenye madawati na madirisha na makabati, taa zote zikazima na hiyo. Juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo hata mpenda nyaya hana budi kupaona, akaandika kwamba kosa ni lake. Akaandika kwamba taa imezimwa na yeye na si na mama wa mtu, kwamba asiguse mtu saketi yake kwanza, ampigie mama au aende akamwone kwa macho, na akirudi afute jina hilo aweke la kwake.

Majibu yalianza kuingia, naye akawa anamsomea mama. Wengi walitania. Mmoja mama yake alimuuliza ameua nani mpaka anapiga simu siku ya kazi. Mwingine alikuta mto umekaliwa na paka wa jirani, na mama mwenyewe yuko kwenye mazoezi ya kwaya, kama kawaida yake kila siku. Mama akashika nyonga akicheka. Mpiga pasi wa hotelini alimkuta wake na homa kali, hajala tangu juzi. Ameshamfikisha hospitali, aliandika, asante Shangazi. Hapo mama hakucheka, alifumba macho tu na kuvuta pumzi.

Kisha ukaingia ujumbe wa fundi matairi, mtu aliyekuwa akiandika tovutini mara chache, kwa adabu, mara nyingi kuhusu betri. Binti akaanza kuusoma kwa sauti kabla hajajua umebeba nini.

"Shangazi, mama yangu alifariki mvua zilizopita. Mto wake niliutoa betri kwa mkono wangu. Kesho yake taa ikawaka. Nilijua hapo hapo kwamba kuna kosa kwenye ukurasa wako. Sikukuandikia kwa sababu ungelirekebisha."

Msumeno ulikuwa umenyamaza. Mama hakuhitaji kueleweshwa hesabu ya jambo hilo. Mvua zilipita kabla hajateleza uani. Kijana huyo angefungua mdomo, taa ingezima siku ile ile ya kuanguka, na mwanawe angefika yeye mama akiwa bado hospitalini.

"Alijua," mama akasema, na akaurudia ukuta.

Binti alitamani amshike huyo mtu ukosi. Aliandika jibu kali, akalifuta, akaandika kali zaidi, akalifuta nalo. Mwisho hakumjibu kitu. Duka alilifunga kwa muda, akabaki kwa kaka yake. Asubuhi alimnyoosha mama mguu kama daktari alivyoelekeza, alasiri walikaa wanasikiliza mbao zikikatwa, na mazungumzo yao yakawa marefu kuliko yote waliyowahi kufanya. Habari za fundi matairi hazikutajwa. Mama akaanza kukaa ukingoni mwa kitanda, kisha kusimama kwa kushikiliwa, akitukana kidogo.

Alasiri moja akataka kiti chake kiletwe kutoka kule nyumbani, pamoja na mto. Binti alikuwa ameshaupa jina jipya, wanalolijua wao wawili tu. Mama akapewa mkono, akasogea, akashuka juu ya mto, na kwenye stuli chupa ikawaka. Akaitazama bila furaha kubwa. Akauliza lile jina la kwanza sasa ni la nani. Binti akasema si la mtu, wote wameshabadilisha.

"Na yule wa matairi?"

"Hajabadilisha. Ameiacha taa yake na jina lilelile, ikiwa gizani."

Mama akatafuna jambo hilo. Mguu ulikuwa umeanza kumtetemeka.

"Mto unaweza kuita majina mawili?"

"Unaweza. Lakini mama, huyo ndiye aliyenyamaza."

"Najua," mama akasema. "Na mimi nilinyamaza. Nimelala hapa siku zote zile, simu iko chumba cha pili, nikangoja taa iseme." Alivuta kanga magotini. "Mfungulie. Ila mwandikie ni mimi, asije akajidanganya. Mwambie mama yake Shangazi Waya amekaa."

Binti akafanya kama alivyoambiwa. Aliandika maneno hayo hayo, bila kuongeza la kwake hata moja, kwa sababu la kwake lilikuwa bado chungu. Walingoja. Jua lilikuwa limefika nusu ya sakafu, vumbi la mbao likielea ndani yake. Simu ikatikisika mkononi mwake. Kijana alikuwa ameandika neno moja, imewaka, na baada ya hapo hakuandika kitu kingine.

Mama akauliza amesemaje, akaambiwa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na mkono wake ulikuwa umeushika ukingo wa kiti kwa nguvu. Binti akainuka, akamshika kwapani, akamwambia imetosha sasa, arudi kitandani alale.

"Niache kidogo," mama akasema. "Bado anaangalia."